Kufunga mlango wa stoo hakufungi deni la kodi la kampuni

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo wafanyabiashara wenzangu wa Kigoma Mjini na Ujiji hulijadili kwa sauti ya chini, kwa kuwa wengi wetu tumeingia humo kwa kutojua: ni lini deni la kodi la kampuni iliyosimama linamfuata mkurugenzi hadi nyumbani kwake.

Mwaka 2011 mimi na wenzangu wawili tulisajili kampuni ili tupeleke mawese na dagaa Dar es Salaam kwa treni. Hatukusajili kwa sababu tulikuwa wakubwa, bali kwa kuwa mnunuzi mmoja alitaka kuandikiana mkataba na kampuni, si na mtu. Hatukuambiwa kwamba mfanyabiashara binafsi mwenye mauzo madogo hulipa kodi ya makadirio kwa jedwali, lakini kampuni, hata iwe ndogo namna gani, hutozwa asilimia 30 ya faida na hutakiwa kuwasilisha hesabu zilizothibitishwa na mhasibu mwenye cheti. Tuliposikia kuwa kampuni yetu ni ya dhima yenye ukomo, tulilichukua neno hilo kama uzio wa nyumba: madeni yakipiga hodi yataishia getini.

Biashara ikalegea. Machi 2017 tuliuza mizani na mapipa, tukagawana fedha zilizobaki, tukamrudishia mwenye stoo funguo zake, kila mtu akaenda zake. Hapakuwa na azimio la wanahisa, hapakuwa na mfilisi, yaani mtu wa kuifunga kampuni na kulipa madeni yake, wala barua kwa BRELA, wakala wa usajili wa kampuni, au kwa Mamlaka ya Mapato (TRA). Mtunza vitabu wetu alituambia kwamba kampuni isiyofanya kazi hujifia yenyewe. Simlaumu sana, maana maneno hayo yalikuwa matamu masikioni mwetu.

Barua ya madai ilifika mwaka 2020 kwa anwani ile ile ya stoo, ambako sasa kijana mmoja anauza saruji. Aliiweka kwenye droo akitumaini kwamba mmoja wetu atapita, nami nilipita baada ya wiki 5. Mwenye kupinga makadirio ya kodi hupewa siku 30, tena huku akilipa kwanza theluthi moja ya kodi iliyokadiriwa au kiasi asichokibishia, kipi kikubwa zaidi. Kuongezewa muda kunaombwa kwa sababu za msingi, lakini mimi sababu yangu ilikuwa droo ya muuza saruji. Nilikwenda nyumbani nikafungua boksi la kumbukumbu ili angalau nijue tunadaiwa kwa haki au la. Risiti za mashine ya EFD, ile ya kielektroniki ya kutolea risiti za kodi, ambazo huchapwa kwa joto, zilikuwa zimefifia zikabaki karatasi nyeupe zenye kivuli cha kijivu pembeni. Sheria inatutaka tutunze kumbukumbu kwa miaka 5 isiyopungua, nasi tulizitunza, ila maandishi yalikuwa yamekwisha kuondoka.

Deni lenyewe lilikuwa la namna tatu, na ni vizuri msomaji akazitenganisha. Kwanza ilikuwa kodi ya mishahara tuliyowakata wafanyakazi wetu miezi ya mwisho bila kuipeleka kabla ya tarehe 7 ya mwezi uliofuata, pamoja na kodi ya ongezeko la thamani (VAT) tuliyoitoza kwa wateja. Hapo sina la kujitetea, kwa kuwa fedha hizo hazikuwa zetu hata siku moja. Tulizishika kwa niaba ya Serikali tukazinunulia mafuta ya gari. Pili ilikuwa riba. Tatu, na ndiyo iliyonishangaza, ilikuwa adhabu ya kutowasilisha ritani, yaani taarifa za kodi za kampuni, adhabu ambayo huhesabiwa kwa kila mwezi au sehemu ya mwezi, hata kwa kampuni ambayo haijauza chupa moja ya mawese tangu mlango ufungwe.

Je, uzio ule wa dhima yenye ukomo ulikwenda wapi? Kwa madeni ya kawaida bado upo, na mwanahisa aliyelipia hisa zake zote hadaiwi zaidi. Lakini Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inamtazama mtu kwa kazi aliyoifanya, wala si kwa hisa alizonazo. Kampuni ikishindwa kulipa kodi kwa wakati, wale waliokuwa wakiiongoza wanaweza kudaiwa wote pamoja na kila mmoja peke yake, na neno linalotumika ni pana kiasi cha kumgusa hata asiye na cheo cha mkurugenzi, mradi alishiriki katika maamuzi makubwa. Mwenzetu mmoja, ambaye jina lake halikuwamo kwenye fomu za BRELA lakini ndiye aliyekuwa akisaini hundi, alilijua hilo kwa uchungu. Anayeweza kuonyesha kwamba alichukua tahadhari ambayo mtu makini angeichukua katika hali kama ile ana njia ya kutokea. Sisi tuliogawana fedha za mwisho kabla ya kumlipa mdai hatukuwa nayo.

Kuna pia wanaosubiri Msajili wa Makampuni, aliye BRELA, alifute jina la kampuni kwenye daftari wakidhani huo ndio mwisho. Sheria ya Makampuni inasema kinyume: dhima ya wakurugenzi, maofisa na wanachama huendelea, na inaweza kudaiwa kana kwamba kampuni haikufutwa. Njia iliyo salama ni kufilisi kwa hiari, ambako wakurugenzi hutamka kwa kiapo kwamba kampuni ina uwezo wa kulipa madeni yake, wanahisa wakapitisha azimio, na mfilisi akamjulisha Kamishna Mkuu wa TRA kwa maandishi, akatenga fedha za kodi kabla ya kumgawia mtu yeyote. Mfilisi akizigawa kabla, deni linaweza kumgeukia yeye mwenyewe.

Linaloniuma zaidi ni mwaka 2018. Serikali ilipotoa msamaha wa riba na adhabu kwa wenye malimbikizo, nilisikia tangazo redioni nikiwa Kibirizi, nikapandisha sauti nikasikiliza hadi mwisho, kisha nikaendelea na shughuli zangu. Sikujiona mdaiwa, kwa sababu sikujiona na kampuni.

Ombi langu kwa BRELA na TRA ni moja. Leo kampuni inasajiliwa kwa mtandao, mtu akiwa amekaa nyumbani kwake Mwanga au Katonga. Kuifunga kunamtaka ashughulikie Msajili, ofisi ya kodi kwa ajili ya namba ya mlipakodi, usajili wa VAT na mashine ya EFD, halmashauri kwa ajili ya leseni, na mfuko wa hifadhi ya jamii kwa michango ya wafanyakazi, kila pahala kwa fomu zake. Sisemi wadaiwa wasamehewe. Nasema mkurugenzi atakapotoa taarifa sehemu moja kwamba kampuni imesimama, taarifa hiyo izifikie ofisi zote, na adhabu ya ritani tupu iache kuhesabiwa kuanzia siku hiyo huku kodi halisi ikiendelea kudaiwa. Na siku ya kusajili, kabla cheti hakijatoka, mwombaji asomeshwe ukurasa mmoja wa Kiswahili unaoeleza dhima yake binafsi juu ya kodi, kisha auwekee saini.

Sisi tuliomba kulipa kwa awamu, tukakubaliwa. Risiti za awamu hizo zote nimezitoa nakala kwenye karatasi ya kawaida.

Mfanyabiashara mstaafu,
Ujiji, Kigoma