Darasa la 11 nyumbani lianze na kalenda, vitabu vifuate

Ndugu Mhariri,

Kila mwaka wa masomo unapokaribia kwisha, wazazi wanaosomesha watoto wao nyumbani huko Marekani huanza kuulizana habari za vitabu: Kemia ipi, hesabu ipi, nani ana nakala ya kuazimisha. Kwa kijana anayeingia darasa la 11, mwaka wa kabla ya mwisho wa sekondari, swali hilo lingoje kidogo. Huu ndio mwaka wa mwisho ambao alama zake zitakuwa zimekamilika wakati wa kuomba chuo, na karibu kila kinachothibitisha kazi yake kimo mikononi mwa watu wa nje: shule inayosimamia mtihani, chuo cha jamii (community college, chuo cha umma cha miaka miwili), mwalimu atakayeandika barua. Watu hao wana tarehe zao wala hawamngoji mzazi. Kalenda iandikwe kwanza.

Tarehe ya kwanza ni ya PSAT/NMSQT, mtihani wa Oktoba wa kujipima kabla ya SAT, ule wa kuombea chuo. Kwa kawaida ni matokeo ya darasa la 11 pekee yanayomwingiza mwanafunzi katika mashindano ya National Merit ya ufadhili wa masomo ya chuo. Kijana wa nyumbani hawezi kujiandikisha mwenyewe kwenye intaneti; lazima ipatikane shule iliyo tayari kumpokea, na shule huagiza nafasi mapema. Mzazi apige simu Juni, aulizie mratibu wa mitihani, na akikataliwa ajaribu shule ya pili na ya tatu, za binafsi zikiwemo. Anayepiga simu mwishoni mwa Septemba mara nyingi huambiwa nafasi zimekwisha. Alama ya kushindania hupatikana hivi: alama za Kusoma na Kuandika huzidishwa kwa 2, hujumlishwa na za Hesabu, kisha jumla hugawanywa kwa 10. Mwenye 700 na 680 hupata 208. Kila pointi inayoongezeka upande wa kusoma ina uzito wa pointi mbili za hesabu, na ratiba ya mazoezi ya kiangazi izingatie hilo.

Simu hiyohiyo ya Juni iulizie AP, mitihani ya kiwango cha chuo kwa wanafunzi wa sekondari. Mitihani hiyo hufanywa Mei, lakini shule hukamilisha maagizo yake katikati ya Novemba, na anayechelewa hutozwa ada ya ziada au hukosa kabisa. Halafu kuna jina la somo. Neno AP haliandikwi kwenye transkripti, yaani rekodi ya masomo na alama, mpaka silabasi ipitishwe katika ukaguzi wa College Board, shirika lenye mitihani hii. Mzazi anaruhusiwa kutuma silabasi yake. Asiyetaka kazi hiyo aandike tu kwamba ni Biolojia ya ngazi ya juu, kijana afanye mtihani, na alama ya 4 au 5, kati ya 5, itajieleza yenyewe.

SAT ni nyepesi kidogo, maana kijana hujiandikisha mwenyewe. Panapoulizwa shule, msimbo wa wanaosoma nyumbani ni 970000. Afanye mara ya kwanza Machi, arudie Mei au Juni, na Agosti ibaki akiba. Kinachowakwamisha wengi ni kitambulisho. Mwanafunzi wa shule huonyesha kadi yake ya shule. Wa nyumbani hana, na bila pasipoti, leseni ya udereva au kitambulisho cha jimbo anaweza kurudishwa mlangoni. Kitambulisho cha jimbo kiombwe miezi kadhaa kabla. Programu ya Bluebook, ambayo mtihani hufanyiwa, nayo iwekwe kwenye kompyuta na maandalizi ya mtihani yakamilishwe siku chache kabla, si asubuhi ya mtihani. Vyuo vingi siku hizi havilazimishi SAT, lakini kwa kijana ambaye alama zake zimetolewa na mama au baba, matokeo ya nje yana uzito wa pekee. MIT, chuo kikuu cha teknolojia cha Massachusetts, kwa mfano, ilirudisha sharti la mtihani mwaka 2022.

Sheria ni za jimbo, na ushauri wa rafiki aliye jimbo jingine unaweza kupotosha. Texas haimtaki mzazi atoe taarifa yoyote ya kila mwaka. Pennsylvania inataka hati ya kiapo ifikapo Agosti 1, siku 180 au saa 990 za masomo ya sekondari, na tathmini ifikapo Juni 30. New York inataka mpango wa mafunzo ya mwanafunzi na ripoti za kila robo mwaka. Ukihamia jimbo jingine katikati ya mwaka, soma sheria ya jimbo jipya kabla ya kufungasha, uchukue na kumbukumbu za mahudhurio.

Sasa masomo. Krediti moja ni takriban saa 120 za kazi, na hesabu yake si ngumu: dakika 50 kwa siku, siku 4 kwa wiki, wiki 36. Mzigo wa kawaida ni krediti 6 au 7: Kiingereza, Aljebra ya 2 au hesabu ya kuandaa kalkulasi, Kemia au Fizikia, historia ya Marekani, lugha ya pili, na somo moja la hiari. Kosa tunaloliona sana ni kupanga wiki zote 36 zikiwa zimejaa. Mitihani ya Mei hula wiki mbili au tatu, ugonjwa hula yake. Panga mada za wiki 32, nne ziache tupu.

Maabara isipuuzwe. Kutazama video za majaribio si maabara, na vyuo vya uhandisi huulizia. Majaribio 12 hadi 16 kwa mwaka yanatosha iwapo kila moja lina ukurasa wake katika daftari: tarehe, lengo, vipimo vilivyochukuliwa kwa mkono, hesabu, na maelezo ya kosa la kipimo. Titresheni ya siki kwa besi yenye ukolezi unaojulikana, ikirudiwa mara tatu na wastani ukatolewa, inaonyesha umahiri kuliko milipuko kumi ya soda.

Kwa familia zetu zinazozungumza Kiswahili, lugha ni nafasi inayopotea bure. Vyuo vingi hutaka angalau miaka miwili ya lugha moja isiyo Kiingereza, na Kiswahili kinakubalika iwapo kuna ushahidi. Kukisikia sebuleni hakutoshi. Hakuna mtihani wa AP wa Kiswahili, kwa hiyo kijana asome fasihi, aandike insha zenye tarehe, kisha apimwe na mtu wa nje, kama vile kwa usaili wa kuzungumza wa ACTFL, shirika la Marekani la walimu wa lugha, unaoitwa OPI.

Uzito wa alama uandikwe kabla ya somo la kwanza: tuseme mitihani asilimia 50, maabara au insha 30, mazoezi 20. Alama zinazokadiriwa Juni kwa kumbukumbu huwa zote ni A, na msomaji wa maombi amekwisha kuziona nyingi za namna hiyo.

Chuo cha jamii ndiyo njia tunayoipendekeza zaidi, na pia ndiyo yenye hatari kubwa. Somo la chuo la krediti 3 kwa muhula mmoja kwa kawaida huhesabiwa krediti 1 ya sekondari, yaani mwaka mzima wa kazi ndani ya wiki 15 au 16. Aanze na somo moja, linaloegemea nguvu yake. Alama ya chuo haifutiki: C ya leo itaonekana atakapoomba shule ya udaktari, na hata kujiondoa kwa kuchelewa huacha W, alama ya aliyejiondoa, kwenye rekodi. Wazazi wengi hushangazwa pia na FERPA, sheria ya faragha ya rekodi za elimu. Kijana akishaandikishwa chuoni, haki ya kuona rekodi zake za huko ni yake, hata akiwa na miaka 16. Mwalimu anaweza kukataa kuzungumza na mzazi, na atakuwa amefuata sheria. Muulize kijana mwenyewe kila Ijumaa, au asaini ruhusa mapema.

Mwanamichezo anayelenga ngazi ya kwanza ya NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, ana hesabu yake: masomo 16 ya msingi, na 10 kati yake yawe yamekwisha kabla ya darasa la 12 kuanza, 7 yakiwa ya Kiingereza, hesabu au sayansi. Kila somo lililofundishwa nyumbani hujaziwa fomu yake. Kuzijaza mwisho wa mwaka kwa masomo ya miaka mitatu ni mateso. Jaza kila somo linapoisha.

Jambo la fedha husahaulika kwa sababu halifanani na masomo. Fomu ya FAFSA, ya kuomba msaada wa serikali wa kulipia chuo, hutazama mapato ya miaka miwili nyuma. Kijana atakayeanza chuo mwaka 2028 atapimwa kwa kodi ya 2026, mwaka unaoishia Desemba akiwa katikati ya darasa la 11. Mwenye kiwanja au hisa za kuuza ambazo zingeonekana kama mapato makubwa, azungumze na mtaalamu wa kodi kabla ya Desemba hiyo.

Barua za mapendekezo ziombwe Mei, kwa walimu wasio wazazi. MIT hutaka moja ya hesabu au sayansi na nyingine ya lugha, historia au masomo ya jamii, na hilo ni kipimo kizuri hata kwa asiyeomba huko. Ikiwa kufikia Januari hakuna mtu wa nje anayemfundisha kijana, muhula wa pili ubadilishwe apate hata darasa moja la mtandaoni lenye mwalimu anayesahihisha kazi zake.

Mzazi mwenyewe ndiye mshauri wa shule kwenye Common App, fomu moja ya mtandaoni ya kuomba vyuo vingi, inayofungua maombi ya mwaka mpya Agosti 1. Atadaiwa transkripti ya ukurasa mmoja, barua ya mshauri, na maelezo ya shule. Vyuo kadhaa hutaka pia maelezo ya kila somo: mada, vitabu, namna ya kupima. Aya moja ya maneno 100 kwa somo inatosha, iandikwe wiki somo linapokwisha, kabla vitabu havijarudishwa kwa wenyewe.

Tunaomba gazeti lako, Mhariri, lichapishe kila Juni tarehe za PSAT, AP na SAT za mwaka unaofuata. Hubadilika kidogo kila mwaka, na wasomaji wako wenye vijana huko wanazihitaji kabla ofisi za shule hazijafungwa kwa likizo.

Wazazi wa elimu ya nyumbani,
Marekani