Tatizo si kimini, ni mahali ilipowekwa kamera

Ndugu Mhariri,

Nimelisoma gazeti lenu miaka mingi bila kuwaandikia hata mstari mmoja, lakini ile taarifa yenu ya video za muziki na "mavazi yasiyo na maadili" imenishinda kunyamaza. Mmepima urefu wa sketi, kamera mkaiacha. Na picha mliyoiweka juu ya habari imerudia kosa lilelile: msanii kaonekana mzima, na miwani yake na saa yake, dada aliye kando yake mmemkata shingoni. Ana kitovu, ana mapaja, uso hana. Hata jina lake hamkuliandika.

Mwanamke anaweza kuvaa dera hadi vifundoni na bado akapigwa picha kama bidhaa, kwa sababu kazi hiyo ina utaratibu wake. Kamera inawekwa chini, usawa wa goti, kwa lenzi ya milimita 24 au pana zaidi, ili kilicho karibu kivimbe na kichwa kilicho mbali kisinyae. Wanarekodi fremu, yaani picha moja moja, 100 kwa sekunde, wanazichezesha 25 kwa sekunde, hivyo mtikisiko wa sekunde moja unadumu sekunde nne. Mapaja yanapakwa gliserini au mafuta ya watoto, kisha taa moja kali inasimamishwa nyuma kwa pembeni. Ngozi nyeusi inatoa michirizi ya mng'aro na uso unazama gizani, kwa kuwa hakuna aliyeuwekea taa. Kwenye meza ya uhariri picha zinaunganishwa vipandevipande: kiuno, mdomo, makalio, kiuno tena. Mwanamume anaimba akitazama pembeni. Mwanamke anaambiwa atazame lenzi, yaani amtazame mteja.

Huo ni mpangilio wa filamu za ngono za Marekani, na njia uliyopitia inajulikana. Mwaka 2001 msanii wa rap Snoop Dogg alishirikiana na Hustler, kampuni ya magazeti na filamu za ngono, kutoa kanda iliyochanganya muziki na ngono. Mwaka huohuo BET, televisheni ya Wamarekani weusi, ilianza kipindi cha usiku wa manane cha video ambazo hazikufaa kuonyeshwa mchana, kikaendelea hadi 2006. Mwaka 2004 wanafunzi wa Spelman, chuo cha wanawake weusi huko Atlanta, walimtaka msanii wa rap Nelly ajibu kuhusu video yake ambamo kadi ya benki inapitishwa katikati ya makalio ya mwanamke. Wale mabinti hawakulalamikia nguo. Na katika biashara hiyo ya ngono rangi ni rafu ya duka: mweupe ni mwanamke tu, mweusi ana rafu yake pembeni, na filamu ya "mchanganyiko wa rangi" kwa kawaida ni mwanamume mweusi na mwanamke mweupe, ikiuzwa kama mwiko uliovunjwa. Jicho hilo ni la zamani kuliko kamera. Sarah Baartman alipelekwa London mwaka 1810 kuonyeshwa makalio yake kwa kiingilio, akafia Paris, na mabaki yake hayakuzikwa kwao Afrika Kusini hadi 2002.

Sisi tumeuchukua utaratibu huo pamoja na ngazi zake za rangi. Aliye maji ya kunde anakaa karibu na msanii na kupewa uso. Mweusi anapelekwa nyuma, au anabaki kiungo. Halafu tunashangaa mabinti wanapojipaka mkorogo wenye zebaki! Wapiga picha wanajitetea kwamba ngozi nyeusi "haikamati mwanga". Si kweli. Tundika shuka jeupe la mita 2 kwa 2 upande wa kamera, elekeza taa kwenye shuka badala ya kwa mtu, pima mwanga shavuni kwake na si kwenye ukuta mweupe ulio nyuma yake. Uso utaonekana wote, na weusi wake utabaki weusi.

Wakaguzi wa Basata, Baraza la Sanaa la Taifa, wakae na saa mkononi, wahesabu sekunde ambazo mwanamke yumo kwenye picha bila kichwa. Zikizidi 10 katika video ya dakika 4, irudi ikahaririwe upya. Na kila aliyecheza aandikwe jina mwishoni, kama anavyoandikwa mpiga gitaa. Nanyi, Mhariri, mnayo ile picha nzima kabla haijakatwa. Ichapisheni tena, na jina la yule dada chini yake.

Mpiga picha za video,
Kinondoni, Dar es Salaam