Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Diwani: tunaomba ndoo ya koki na sabuni

Mheshimiwa Diwani,

Kwa heshima na taadhima, pole na majukumu. Nisingekuandikia hadharani kama ungepokea simu zangu. Ila juzi kuruta mwingine wa mgambo katolewa uwanjani kwa bodaboda, macho yamekuwa ya manjano, nikasema sasa basi.

Mwanangu ndiye aliyetangulia kuugua. Alianza na uchovu, akakataa hata ndizi nyama, mkojo ukageuka rangi ya chai kavu. Hospitali wakapima damu: homa ya ini aina ya A. Majirani walishasema karogwa, wakaleta mizizi ya kuchemsha; nesi akanionya kwamba dawa za miti zinaweza kulimaliza ini lililokwisha kuumia. Meza yangu ya mboga pale soko la Kilombero haina mtu, mtaji tumeula, ushuru haujui mgonjwa.

Mheshimiwa, pale uwanjani kuna pipa moja na kikombe kimoja cha plastiki kilichofungwa kamba. Wanakizamisha kwa zamu, vidole na jasho humohumo. Choo ni kimoja, nje yake hakuna hata tone la maji. Kirusi hiki kinatoka na choo, kinapita mikononi, kinaishia mdomoni. Na mgonjwa huanza kuambukiza wiki 1 hadi 2 kabla macho hayajabadilika, kwa hiyo anayezamisha kikombe unamwona mzima kabisa. Mimi nalishuku pia lile bomba lililopasuka walipochimba mtaro. Nani kaja kupima?

Wewe ulisema vijana wa siku hizi laini, ninyi mlikunywa maji ya mfereji na hamkufa. Ni kweli. Mtoto chini ya miaka 6 mara nyingi huupata ugonjwa huu bila dalili yoyote, na kinga humkaa maisha yote. Wangu mimi nilimchemshia maji tangu utotoni, mkaa ukipanda bei nikinunua hivyohivyo. Kaingia mgambo hajawahi kukutana nao, na ukimkuta mtu mzima ndipo unapomlaza kitandani. Chanjo ipo, lakini si katika zile tunazopewa kliniki. Ulaini uko wapi hapo?

Siku ya kufungua mafunzo uliahidi tangi. Jukwaa la zege lipo, ahsante, mbuzi wanalilalia. Siku hiyohiyo ulikunywa maji ya chupa. Tuliona.

Tangi siombi tena. Naomba ndoo ya koki na sabuni pale chooni, maji ya kunywa yachemshwe, kila kijana na kikombe chake. Ndoo ikishindikana, hata kibuyu chirizi, lile dumu la kuning'iniza la kunawia mikono. Vijana watakifunga wenyewe, sisi wazazi tutaleta madumu. Sabuni tu, jamani.

Kundi jipya linaripoti Jumatatu. Ndoo ya koki na sabuni, Mheshimiwa, viwepo kabla ya hotuba yako.

Ni mimi,
Mama wa kuruta, Arusha