Barua ya wazi kwa vijana mnaosambaza habari za vita

Wanangu,

Kila vita vinapozuka nawaona mkibishana: picha hii ya kweli, ile ya kutengeneza. Hiyo ni kazi njema. Ila mkishahakikisha kwamba jambo ni la kweli, mnalirusha kwenye makundi yenu bila wasiwasi tena. Hapo ndipo ninapotaka tuzungumze, kwa kutazama silaha ya zamani: vipeperushi vinavyodondoshwa juu ya askari wa adui ili vimvunje moyo.

Septemba 1918, huko Ufaransa, Wajerumani waliwatupia askari weusi wa Divisheni ya 92 ya Marekani karatasi iliyowauliza kama kwao wana haki sawa na wazungu, ikawakumbusha watu wao wanaouawa na magenge bila kufikishwa mahakamani. Swali lilikuwa la haki kabisa. Kisha ikawaalika wavuke, kwamba Ujerumani watapokewa vizuri. Anayewaalika ni dola ileile iliyoanza kuwaangamiza Waherero, watu wa Namibia ya leo, mwaka 1904, na mwaka uliofuata ikawageukia watu wa Majimaji. Hilo, karatasi haikuligusa. Uchungu wa askari wale ulikuwa wao, wa kweli. Mjerumani aliyeuokota uchungu huo alikuwa na shughuli zake.

Mabingwa wa kazi hii waliuthamini ukweli kuliko nyinyi mnavyodhani. Katika Vita vya Pili vya Dunia, Washirika, yaani Marekani, Uingereza na wenzao, waliwaandalia askari wa Ujerumani hati ya kuvukia mstari wa mapigano na kujisalimisha, yenye nembo na saini ya kamanda wao, Jenerali Eisenhower, iliyochapwa ionekane kama waraka wa serikali. Haikuahidi makubwa: utanyang'anywa silaha, utalishwa, utatibiwa, utaondolewa penye hatari. Mwaka 1991, katika Vita vya Ghuba, askari wa Iraki walitajiwa kwenye karatasi za Wamarekani na wenzao kwamba kikosi chao kitapigwa na B-52, ndege kubwa za mabomu za Marekani, nacho kikapigwa kweli. Karatasi iliyofuata ungeipuuza?

Vipeperushi vya matusi na picha za wake waliobaki nyumbani mikononi mwa wanaume wengine, sidhani vilifika mbali. Askari huviweka mfukoni na kuchekeana.

Tena karatasi peke yake haivunji jeshi. Edward Shils na Morris Janowitz, wanasosholojia wa Marekani waliolichunguza jeshi la Ujerumani la Vita vya Pili, waliandika mwaka 1948 kwamba maadamu askari alikuwa bado na wenzake wa karibu wanaoshikamana, propaganda ilimgusa kidogo sana. Kikosi kilipovurugika ndipo maneno yalipopata pa kuingilia. Kwa hiyo mwandishi wa kipeperushi hutafuta kwanza palipokwisha kupasuka: njaa, baridi, ofisa anayekula vizuri kuliko watu wake, barua zisizofika. Hakupasua yeye. Anachokoza tu.

Leo mnaletewa video ya mateka anayelia akimwita mama yake. Huenda hakuna kilichoghushiwa. Lakini kamera ilishikwa na nani, na mateka yule alikuwa na uhuru gani wa kukataa? Mikataba ya Geneva ya 1949 inataka mateka wa vita walindwe dhidi ya matusi na udadisi wa watu. Mnapoisambaza, nyinyi ndio ndege inayodondosha, wala hamlipwi hata mafuta.

Basi kabla ya kutuma, ulizeni mnayemtumia anatakiwa afanye nini: ajisalimishe, achukie, akate tamaa, au achange? Mkikosa jibu, iacheni ikae kwenye simu hadi kesho. Vita havitaharibika kwa kuwasubiri nyinyi.

Mzee wenu