Mwache Mzee ang'atuke

Yokohama, 25 Februari 2025

Ndugu yangu Shabani,

Asalaam aleykum. Najua utasema nimekutupa. Miezi minane! Meseji zako nazisoma nikiwa ndani ya kontena, nikitoka nimeshasahau kujibu. Niwie radhi. Baridi ya huku haina adabu, nikimaliza yadi ni blanketi moja kwa moja.

Kilichoniamsha ni habari ya Mzee. Ati anataka kung'atuka uenyekiti wa msikiti, na kaka zako wamekaa kikao wakamkatalia? Baada ya miaka 31? Kisa jina la ukoo! Ngoja nikusimulie.

Juzi Jumapili mfalme wa huku, Naruhito, alitimiza miaka 65. Siku hiyo na 2 Januari raia hufunguliwa ikulu ya Tokyo wakamsalimie. Juma Gereji akanikokota. Foleni, mabegi kukaguliwa, na kila mtu na kibendera chake cha karatasi. Jamaa akatokea barazani nyuma ya kioo, na mkewe Masako na binti yao Aiko. Vibendera vikapepea vyote kwa mpigo, vikalia kama mvua inayoanza kupiga makuti. Akashukuru, akatuombea afya, akapunga mkono, akaingia zake ndani. Juma akaniangalia: "Ndo basi?" Vidole vya miguu nilikuwa sivisikii.

Sasa kando yangu alisimama bibi mmoja, mtu wa Fukushima. Kwa Kijapani changu cha yadi nikaelewa anasema huyu ni mwema, ila baba yake! Baada ya tetemeko na tsunami ya Machi 2011, huyo baba, Akihito, aliyekuwa mfalme wakati huo, na mkewe Michiko walizunguka kwa waathirika wiki saba mfululizo. Yeye ana miaka 77, anapiga magoti sakafuni, uso kwa uso na mtu aliyekaa kwenye mkeka wake. Bibi akanionyesha kwa mikono alivyopiga magoti, palepale kwenye kokoto. Na kumbuka Hirohito, baba yake Akihito, watu walifundishwa kuwa ni mungu, mpaka 1946 alipokana mwenyewe.

Basi huyo Akihito akachoka. Alishapasuliwa moyo, na kazi haziishi: mihuri kwenye makaratasi ya serikali, mabalozi, kumteua rasmi waziri mkuu aliyechaguliwa na bunge, hata mpunga wa ikulu anaupanda na kuuvuna kwa mkono wake. Utafikiri ataamka aseme "nimechoka, naacha". Thubutu! Katiba yao inamwita alama ya taifa na kumkataza mambo ya utawala, na sheria haikuwa na mlango wa kutokea. Agosti 2016 akaonekana kwenye televisheni, ana miaka 82, akaeleza kuwa umri unakwenda na anahofia hataweza tena kuitimiza kazi yake kwa moyo wote kama alivyozoea. Neno la kuacha hakulitamka. Nchi nzima ikaelewa. Bunge likatunga sheria 2017, ya kwake yeye tu, na 30 Aprili 2019 akashuka. Kabla yake, mfalme wa mwisho kung'atuka ilikuwa 1817.

Shabani, mfalme mzima aliomba kupumzika kwa mafumbo! Mzee wako kasema wazi, kwa Kiswahili, mbele ya wanawe, mnamjibu kwa kikao. Na hayo magoti yake, yale anayoyashika akipanda ngazi za msikitini, kaka zako hawayaoni? Mimi nimeyaona tangu Idi ile ya mwaka juzi nikanyamaza. Nilikosea.

Akihito sasa anasoma samaki wake, vile vidogo vya kukaa chini majini, ni mtaalamu wao tangu zamani. Mzee naye ana mashua yake pale Deep Sea, au imeshauzwa?

Haya, niambie: aliyepiga kelele zaidi kwenye kikao ni Kibwana, sio? Mama anasemaje? Huyo naibu ana shida gani asikabidhiwe? Mzee mwenyewe bado anakula vizuri? Zile spea za Noah zilifika, au fundi anakuzungusha? Na nikimpigia Mzee Ijumaa baada ya swala, nimwambie nimesikia kwako, au nijifanye sijui kitu?

Wako,
Hamisi