Najifunza lugha nne kwa mpigo, wala sijapotea

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika wiki mbili zilizopita kuhusu vijana wanaojifunza lugha za kigeni mbili tatu kwa wakati mmoja kwenye simu zao. Alisema wanapoteza muda, akamalizia kwa methali tuijuayo sote: mshika mawili moja humponyoka. Mimi si kijana. Nina miaka 57, ni fundi cherehani hapa Ngamiani, Tanga, elimu yangu ni darasa la saba na chuo cha Kurani. Huu ni mwaka wa tano najifunza Kituruki, Kireno, Kijapani na Kiarabu kwa pamoja. Barua ile niliisoma mara tatu, na mara zote nilihisi nimeandikiwa mimi.

Ilianza na jora la kitambaa cha suti. Kwenye lebo iliyobandikwa pembeni palikuwa na maneno mawili: Türk Malı. Nikamwomba kijana anayenisaidia kazi aniangalizie kwenye simu maana yake. Kumbe ni bidhaa ya Uturuki, na hilo malı ni mali yetu hii hii. Wao na sisi tulilichukua kwa Waarabu. Mkasi ulikuwa mkononi, nikataka kujua Waturuki wanauitaje. Wanauita makas. Fundi nguo ni terzi, neno walilolipata kwa Waajemi wanaosema darzi, nasi mpaka leo tunasema kudarizi kofia. Nilikuwa nimekaa miaka thelathini nikishona, na maneno ya watu wa mbali yamelala mezani pangu. Hata hiyo meza yenyewe ni ya Wareno, mesa. Foronya ninazoshona kila mwezi wa harusi ni fronha zao, na leso ni lenço. Basi Kireno nacho kikaingia kabla Kituruki hakijakaa sawa.

Kiarabu nilikuwa nacho tangu utotoni, lakini nusu: herufi nazijua, kusoma nasoma, maana sina. Niliona si haki kufuata lugha za ng'ambo nikaiacha ile niliyoanza nayo chuoni. Kijapani kilikuja mwisho, na hicho nitakieleza mbele.

Nyumba yangu ilikuwa kimya wakati ule. Mtoto wetu wa mwisho alikuwa ameolewa Korogwe, na mimi na mama yao tulikuwa tukimaliza kula tunabaki tunatazamana. Nikachukua maboksi ya mashati nikayakata vipande vya upana wa vidole vinne, nikatoboa kila kipande tundu kwenye kona. Upande mmoja neno la kigeni, upande wa pili Kiswahili. Vya Kituruki nikavitunga kwenye uzi mwekundu, vya Kiarabu kijani, vya Kireno bluu, vya Kijapani mweusi. Kila uzi na msumari wake ukutani, na kila lugha na saa yake. Kiarabu ni baada ya Alfajiri. Kituruki ni cha kazini: kipande nakibana kwenye kichwa cha cherehani, pindo likiisha nageuza kingine. Kireno ni adhuhuri, wateja wakipungua. Kijapani ni usiku, kwa sababu kinataka kalamu na utulivu.

Nimeyaeleza haya kwa urefu ili mwenzangu aone kwamba kushika mengi hakumaanishi kuyabwaga yote kwenye kapu moja. Fundi yeyote ana nguo kumi dukani kwa wakati mmoja. Hii imekatwa, ile inasubiri vifungo, nyingine mwenyewe anakuja kujaribu Jumamosi. Hakuna anayemwambia amalize suruali moja ndipo apokee nyingine.

Hata hivyo methali ile ina ukweli wake, nami nimeuonja. Mwaka wa kwanza nilikuwa na uzi wa tano, wa manjano, ambao ulikuwa wa Kihispania. Nilidhani kwa kuwa kinafanana na Kireno basi kimoja kitakibeba kingine. Siku moja aliletwa kwangu kupimwa gauni bibi harusi mmoja kutoka Pemba; si kisiwa chetu, ni Pemba ya Msumbiji, mji ambao zamani uliitwa Porto Amélia. Mama yake alikuwa amekuja naye, na kwa ukarimu wao wakanibebea bakuli la matapa, kisamvu chao cha karanga na nazi. Kilikuwa kitamu kweli. Nikataka kumshukuru yule mama kwa Kireno mbele ya mwanawe, nikasema kwa sauti: muito esquisita! Kihispania, exquisita ni kitu kitamu cha hali ya juu. Kireno, esquisita ni kitu cha ajabu, kisichoeleweka. Yule mama alitazama bakuli, kisha akarudisha kifuniko chake polepole. Binti yake ndiye aliyeniuliza kwa Kiswahili, “Fundi, kina nini? Chumvi?”

Nilimwomba radhi mama yule, na nilisikitika siku nzima. Jioni nilikata uzi wa manjano nikavitia vipande vyake bahashani, na humo vimo mpaka leo. Kwa hiyo ninachowaambia vijana ni hiki: ndugu wa tumbo moja msiwachukue pamoja. Kireno na Kihispania vitakorogana kichwani kabla hamjajua kipi ni kipi. Chukueni lugha zilizo mbali mbali, sura zao zisilingane, na hazitagombana.

Lakini kinachonifanya niandike ni jambo ambalo mwenzangu hakuligusa kabisa, nalo ni kwamba lugha hizi zinapokaa nyumba moja huanza kuzungumza zenyewe kwa zenyewe.

Sisi wazee wa mtaa huu hucheza karata barazani baada ya Isha. Tangu utoto nasema kopa, uru, shupaza, pau, na sikuwahi kujiuliza ni maneno ya nani. Nilipofika kwenye Kireno nikayakuta yote manne yamenisubiri. Copas ni vikombe. Ouros ni dhahabu. Espadas ni panga. Paus ni magongo. Usiku ule mzee mwenzangu alitupa uru ya saba kwa hasira, nikamwambia, “Shekhe, umetupa dhahabu.” Mchezo ulisimama nusu saa nzima nikieleza, na kila mmoja akawa anageuza karata zake mkononi kama ndiyo kwanza anaziona. Hata neno karata ni carta yao. Wareno walifika Malindi mwaka 1498 na Vasco da Gama, wakaanza kujenga Fort Jesus ya Mombasa mwaka 1593, wakatolewa mwaka 1698. Ngome imebaki ya watalii, lakini maneno yao tunayapiga chini kila usiku.

Sasa sikiliza, Mhariri. Majuma machache baadaye, kwenye uzi mweusi, nilikuwa naandika maneno ya Kijapani ya michezo, nikakuta karuta. Ni karata. Wareno wale wale walifika Japani mwaka 1543, miaka 45 baada ya Malindi, wakaacha huko karata kama walivyoziacha hapa. Kifungo cha shati Wajapani wanakiita botan, ambacho ni botão cha Wareno, na mkate ni pan, kutoka pão. Nilivunja utaratibu wangu: nilitoa kipande cha bluu na kipande cheusi nikavitunga pamoja na kipande kitupu ambacho niliandika “karata” kwa mkono wangu. Mzee wa Tanga na mzee wa Nagasaki, ambao hawatakutana kamwe, wanachanga kitu kimoja na kukiita jina moja kwa ajili ya mabaharia walewale. Kama ningesubiri nimalize Kireno ndipo nianze Kijapani, pengine ningekufa sijalijua hilo.

Kituruki nacho kimenifungulia Kiswahili changu mwenyewe. Fundi akiletewa nguo ya fundi mwingine huigeuza ndani nje aone ilivyoshonwa. Kiswahili sikuwahi kukigeuza, kwa sababu nimekivaa tangu kuzaliwa. Mturuki akitaka kusema “sikuelewa” husema anlamadım. Anla ni elewa, ma ni ya kukanusha, dı ni ya wakati uliopita, m ya mwisho ni mimi. Nikaliweka neno letu pembeni yake: si, ku, elewa. Mishono ile ile, ila sisi tunaanza na mtu tunamaliza na tendo, wao wanaanza na tendo wanamaliza na mtu. Nilikuwa sijui kuwa kwenye hiyo si ndogo nimekaa mimi pamoja na kukataa kwangu. Nilizima cherehani. Nilijiona kama mtu aliyekuta chumba asichokijua ndani ya nyumba ya babu yake.

Mwenzangu aliuliza pia: itawalipa nini? Swali hilo naulizwa hata nyumbani. Binti yangu mkubwa aliniuliza kwa upole, “Baba, safari yenyewe lini?” Nikamjibu sina safari, paspoti sina, na sitarajii kupata. Jirani yangu anafuga njiwa. Anawaamkia alfajiri, anawanunulia mtama, wakiugua halali. Hakuna mtu mtaani aliyewahi kumuuliza njiwa watamlipa nini, kwa sababu kila mtu anaona uso wake wanaporudi jioni. Kwa Kijapani nimefika herufi 80 za kanji, zile anazofundishwa mtoto wa darasa la kwanza kwao, na za matumizi ya kawaida ni 2,136. Herufi ya mti ina umbo la mti. Ukiiandika mara mbili inakuwa kijisitu, mara tatu inakuwa msitu. Nikiichora hiyo ya tatu usiku, moyo wangu unatulia, na hayo ndiyo malipo yangu. Ninaomba yaheshimiwe kama yanavyoheshimiwa ya mwenye njiwa.

Naja kwenye ombi langu, ambalo ndilo hasa nililotaka lifike kwa wakubwa. Kila Julai 7, Siku ya Kiswahili Duniani ambayo UNESCO iliipitisha mwaka 2021, tunafurahi kwamba dunia inajifunza Kiswahili, na ni haki tufurahi. Lakini Mswahili akitaka kujifunza lugha ya wengine anapita mlango gani? Kitabu changu cha Kituruki kimeandikwa kwa Kiingereza, na Kiingereza changu ni cha darasa la saba. Kila ukurasa nausoma mara mbili: mara ya kwanza na kamusi ya Kiingereza ili nijue kinasema nini, mara ya pili ndipo nijifunze Kituruki. Na kinachoelezwa humo kwa taabu kurasa kwa kurasa ni mambo tuliyozaliwa nayo. Kwamba sentensi nzima inaweza kuingia katika neno moja. Sisi tunasema “hatukuwaona” tukiwa tunatafuna. Kwamba neno o ni la mwanamume na la mwanamke. Sisi tuna yeye. Matamshi ndiyo kabisa. Mswahili angeambiwa tu kwamba c ya Kituruki ni j ya jiko, ç ni ch ya chai, ş ni sh ya shati, na nh ya Kireno ni ny ya nyanya, akaendelea na safari yake.

Inawezekana, kwa sababu imeshafanyika. Redio ya Wajapani, NHK, ina masomo ya Kijapani yanayoelezwa kwa Kiswahili, na hayo ndiyo yaliyoniingiza katika lugha ile. Siku niliposikia mwalimu ananieleza Kijapani kwa lugha ya mama yangu, bila Kiingereza kusimama katikati, nilielewa kwa robo saa kile ambacho kwenye Kituruki kilinichukua wiki. Naziomba BAKITA, baraza la Kiswahili la taifa, BAKIZA, baraza la Kiswahili la Zanzibar, na TATAKI, taasisi ya Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambao kazi zao za kamusi nazithamini na mojawapo iko kwenye droo ya cherehani yangu, watufikirie sisi wanafunzi wa barazani. Tuanzie kwa jirani. Msumbiji tumepakana nayo kwa mto Ruvuma, wakata mkonge wengi wa mkoa huu walitoka huko, lakini kitabu cha kumfundisha Mswahili Kireno kwa Kiswahili nimekitafuta Tanga nzima, nikaagizia Dar es Salaam mara mbili, mikono mitupu. Hata chembamba kingetufaa, kurasa hamsini, salamu na namba na maneno ya sokoni.

Nawe Mhariri, kama una kona iliyobaki kwenye ukurasa wa watoto, iweke neno moja kwa wiki: lilipotoka, na linavyosemwa huko leo. Vya kuanzia ninavyo ukutani, nitakuletea.

Na iwapo kuna msomaji mwenye kamusi ya Kireno kwa Kiswahili, hata kama jalada limechanika na kurasa za mwanzo hazipo, namwomba aache ujumbe ofisini kwenu. Nitaifuata popote ilipo, nitaishona upya na kuivalisha kitambaa, na yeye nitampima kanzu.

Fundi cherehani,
Ngamiani, Tanga