YAH: Malalamiko kuhusu deki ya kaseti na diski mliyoniuzia, na mkanda wangu mliokata kwa mkasi

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Natumaini hapo ofisini hamjambo. Mimi sijambo kiasi. Nitajitahidi kuandika kwa heshima, kwanza kwa sababu ndivyo nilivyolelewa, na pili kwa sababu barua ya matusi huishia kwenye kapu la taka, na kapu lenu la taka nimeshalifahamu. Nitalifikia.

Risiti, kadi ya dhamana na namba ya mashine nimeviambatanisha. Masharti yenu ya kurudisha bidhaa mnayajua, mliyaandika wenyewe, kwa hiyo sitawasomea.

Naomba muelewe kwamba sikukurupuka. Nilikuja dukani kwenu na karatasi yenye maswali matatu. La kwanza: je, deki hii inachukua kilichomo kwenye kaseti ya video ya VHS na kukirekodi kwenye diski, humo humo ndani, bila mashine ya pili? La pili: inasoma kaseti za NTSC pamoja na za PAL, yaani mifumo tofauti ya picha za televisheni? Nyingi za kwangu ni PAL, lakini ninazo nne ambazo kaka yangu alinitumia kutoka Marekani, na kule walikuwa wanatumia NTSC. La tatu: ile sehemu ya kuchomeka nyaya za njano, nyekundu na nyeupe inapeleka picha kwenye diski? Hilo niliuliza kwa sababu nina kanda za kamera ya milimita 8, ambazo haziingii kwenye deki ya VHS hata ungezibembeleza, na njia pekee ni kuichomeka kamera yenyewe.

Mhudumu wenu hakuitazama karatasi. Hakuigeuza deki wala hakufungua kitabu cha maelekezo. Alisema, "Mama, hii inafanya vyote." Nikalipa.

Haifanyi hata kimoja.

Mnajua, au mnapaswa kujua, kwamba deki hizi za pamoja ziko za aina mbili na kwenye rafu zinafanana kama mapacha. Ipo inayocheza diski tu, na kurekodi kwake kote ni kwenye kaseti. Na ipo inayorekodi pande zote mbili na kunakili kutoka kaseti kwenda diski kwa kubonyeza kitufe kimoja. Nilitaka ya pili, nikaieleza, nikaiandika. Mkaniuzia ya kwanza. Diski tupu nilizonunua hapo hapo kwenu (huyo huyo mhudumu alinichagulia, DVD-R, za kutosha tena) deki inazitema kila nikizitia. Kitufe chekundu cha kurekodi kipo kwenye rimoti, ila kazi yake ni kufuta kaseti ya zamani na kuijaza vipindi vya televisheni. Yaani mtu amekuja kuokoa kumbukumbu zake, mnampa mashine ya kuzifutia. Bahati nzuri kaseti zangu zote nilishavunja kile kijisahani cha plastiki ubavuni kinachoruhusu kurekodi juu yake. Zile nne za kaka zilitoa picha nyeusi na nyeupe, inapanda tu, inapanda tu, mpaka nikapata kizunguzungu.

Nikapiga simu. Nilisubiri nikisikiliza muziki wenu hadi nikaujua wote. Aliyepokea akaniambia tatizo ni kaseti zangu, eti zina "kinga ya kunakili". Ndugu Meneja, kinga hiyo huwekwa na makampuni ya filamu kwenye kaseti wanazouza, ili watu wasizinakili. Kaseti iliyorekodiwa na mdogo wangu uani kwetu, huku kamera ikimtetemeka mkononi, kinga hiyo ameiwekea nani? Nilipomuuliza hivyo akakaa kimya, kisha akasema, "Basi lete deki na kaseti moja, mafundi waangalie."

Nikaleta. Hapo ndipo ninapolaumu akili yangu mwenyewe, kwa sababu kati ya kaseti zote nilibeba ile ya mwaka 1993, nikidhani ikionekana vizuri pale dukani basi nitarudi nyumbani na moyo mweupe.

Kijana wa kaunta aliiingiza. Ikacheza kama dakika mbili, sauti ikaanza kuvuta, picha ikajaa michirizi. Akabonyeza kitufe cha kutoa. Kaseti ikachomoza nusu, mkanda ukabaki ndani umejisokota. Deki ilikuwa imekula mkanda. Nikamwambia, "Mwanangu, usivute. Chomoa umeme kwanza, fungua mfuniko." Akavuta. Ulipogoma akachukua mkasi akaukata. Ndivyo ilivyokuwa, na kwa sasa naishia hapo.

Kuna jambo jingine nilitaka kulisema mwanzoni likanipita. Kwenye risiti mmeandika "mpya". Kiwanda cha mwisho kinachojulikana kuunda deki za VHS, Funai ya Japani, kiliacha kuziunda Julai 2016. Sikatai kwamba inaweza kuwepo deki iliyolala stoo miaka yote hiyo ndani ya boksi lake. Lakini hii ya kwangu ilikuwa na alama za bisibisi kwenye skrubu tatu za mfuniko, na skrubu ya nne haikuwepo. Mpya gani hiyo iliyofunguliwa na mtu kabla yangu? Kijigurudumu cha mpira kinachouvuta mkanda kilikuwa kinang'aa kama kioo. Mpira ukichakaa hivyo unateleza, mkanda hauvutwi sawasawa, unalegea na kujirundika ndani. Fundi yeyote wa deki analijua hili, na ndilo la kwanza kuangaliwa kabla ya kumtilia mteja kaseti yake humo. Nimeliona mimi kwa tochi ya simu. Mafundi wenu hawakuliona, au waliliona wakafunga mfuniko.

Kwa hiyo naomba yafuatayo. Mnirudishie fedha zangu zote, za deki na za diski, na mje mchukue deki yenu wenyewe, maana mimi siibebi tena. Mgharamie fundi nitakayemchagua mimi aunge mkanda ule na kuuhamishia kwenye diski. Nawapa siku 14.

Nilikuwa nimemaliza barua hapo. Nimeisoma tena na nimeona lile la mkasi nimelisema kwa upole mno, kana kwamba lilitokea kwa bahati mbaya. Naomba nilirudie.

Nilimwambia asivute mara tatu. Mara ya kwanza alitabasamu. Mara ya pili alisema, "Mama, tulia, hii ni kazi yetu." Mara ya tatu hakujibu, alikuwa ameshaukunja mkanda kwenye kidole kama mtu anayenyofoa uzi kwenye shati, akavuta, nikauona unatanuka, unakuwa mwembamba na kujikunja kingo. Mkanda wenyewe upana wake ni milimita 12.7 tu, na humo ndimo picha na sauti vimeandikwa. Kisha akafungua droo, akatoa mkasi wa kufungulia maboksi. Nikaweka mkono wangu juu ya deki. Akaniondoa mkono! Taratibu, sikatai, lakini aliniondoa mkono, mtu mzima mwenye umri wa mama yake, akakata sehemu mbili, akachomoa kipande cha katikati, akakifinya kama karatasi ya peremende na kukitupa kwenye kapu chini ya kaunta. Halafu akaziunganisha ncha mbili kwa selotepu. Selotepu, Ndugu Meneja! Ile ya kufungia bahasha. Gundi yake huyeyuka na kutambaa, ikifika kwenye ngoma ya vichwa vinavyosoma mkanda, inayozunguka mara 1,500 kwa dakika, inaweza kuharibu vichwa na mkanda wote pamoja. Akanikabidhi, akasema, "Tayari mama, itaendelea kuanzia hapo. Kwanza kaseti si zilishakufa?" Mwenzake aliyekuwa anabandika bei akacheka.

Nikazunguka kaunta, nikainama, nikaingiza mkono kwenye kapu lenu. Vikombe vya kahawa, risiti, na mkanda wangu. Hakuna aliyenisaidia kuutafuta. Msimamizi wa zamu alitoka wakati huo, akaniuliza kwa nini niko upande wa wafanyakazi. Nilipomweleza akasema dhamana haihusu kaseti za mteja. Hakusema pole. Neno dogo vile, halilipiwi, hakulitoa.

Kipande kile nimekinyoosha na kukipima kwa rula. Ni sentimita 47. Mkanda wa VHS wa PAL kwa mwendo wa kawaida hupita sentimita 2.34 kwa sekunde, kwa hiyo mlichokitupa ni sekunde 20. Naijua kaseti ile kwa moyo, naweza kuwaambia ni sekunde 20 zipi. Marehemu baba alikuwa hapendi kupigwa picha. Kwenye mkanda mzima yuko nyuma nyuma, anatengeneza mnyororo wa baiskeli, hageuki. Mara moja tu anageuka, anakuja hadi mbele ya kamera, mkono mweusi kwa grisi, anasema, "Zima hiyo, unamaliza betri," na anaiziba kamera kwa kiganja huku anacheka. Hatuna sauti yake nyingine popote. Ndiyo sababu nilinunua deki. Sikutaka deki, Ndugu Meneja, deki naitaka ya nini? Nilitaka sekunde zile ziwe kwenye diski kabla kuvu au uzee haujazimaliza, na zikamalizwa na mkasi wa maboksi ndani ya duka lenu, mchana kweupe, mimi nikiwa nimesimama hapo nikisema usivute.

Sasa, madai yangu nayarekebisha. Siku 14 nilizoandika hapo juu nazifuta. Ni siku 7 tangu barua hii ipokelewe. Pamoja na fedha na gharama za fundi, nataka barua ya kuomba radhi yenye sahihi ya msimamizi yule, na isiwe ile ya "tunasikitika kwa usumbufu uliojitokeza". Iandikwe kilichotokea: kwamba mteja aliomba mkanda wake usikatwe na ukakatwa. Nataka pia fidia ya mkanda. Kiasi chake sikitaji hapa kwa sababu kila nikijaribu kukiandika nakifuta, kwa hiyo mtapatana na mwanasheria wangu. Na kwenye rafu yenu, ile deki yenye kibandiko "INAREKODI DISKI" ni ya aina hii hii ya kwangu, nimeikagua namba kabla ya kutoka. Kibandiko hicho kitoke leo. Nisipokuta kimetoka, picha yake, risiti yenye neno "mpya" na picha ya zile skrubu vitafika kwenye chombo cha kutetea walaji kabla hata siku 7 hazijaisha.

Msinipigie simu. Nimeshausikia muziki wenu. Jibuni kwa maandishi.

Kaseti yenyewe na deki mnaweza kuvikagua mbele ya mwanasheria. Kipande cha sentimita 47 sikuambatanisha na hakitaletwa. Nimekizungushia kwenye kijiti cha plastiki, kimo ndani ya bahasha, na fundi niliyemwona anasema zile sehemu zisizokunjamana huenda zikatoa sauti hata kama picha imekwenda. Hicho hamtakigusa tena.

Wenu katika kusubiri majibu,

Mteja, risiti iliyoambatanishwa

Nakala: Mwanasheria wangu